Mtoto aliyevuka Kasumbalesa: jibu kwa mama wa Kampemba

"Dokta, salamu kutoka Kampemba. Mimi na mume wangu tuna binti wa miaka tisa. Baada yake Mungu hakutupa mwingine. Kazi ilimpeleka mume wangu Kitwe, Zambia, tukaishi huko miaka mitatu, na huko tukamchukua mtoto wa kiume kwenye nyumba ya kulelea watoto. Mahakama ya kule ilitupa karatasi zote. Sasa ana miaka mitano. Tulipokuwa bado Kitwe alitulia ajabu, anakula, anashukuru. Tumerudi Lubumbashi miezi minne iliyopita, na hapa amebadilika. Anaficha bukari, yaani ugali, chini ya godoro mpaka unaota ukungu. Saa nane za usiku namkuta amekaa jikoni gizani, macho wazi. Akianguka halii. Anampiga dada yake. Lakini muuza makala, yaani mkaa, akipita, anamshika mkono na kutaka kwenda naye. Mimi ananiita anti, kama alivyowaita wanawake wa kule. Nguo alizokuja nazo nilizitupa, nikamnunulia mpya tupu, wala hakufurahi. Mama mkwe wangu, mtu wa Kasenga, anasema mtoto ana kitu, apelekwe kwa mchungaji akafunguliwe. Mume wangu, ambaye kila wiki yuko njiani, anasema akianza masomo Septemba itaisha. Kuna siku najuta, halafu naona haya. Tumekosea wapi? Tumbadilishie jina aanze upya?"

Mama, ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nahesabu. Unajua saa anayoamka. Unajua anapoficha chakula. Umeona kwamba akianguka halii, jambo ambalo wengi hawalioni kabisa, maana mtoto asiyelia hasumbui mtu.

Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikaa vijijini karibu na Kampala, akitembelea familia 26 zenye watoto wanaonyonya. Alitaka kuelewa kwa nini watoto wengine hutulia kwa mama zao na wengine hawatulii. Idadi ya walezi haikuwa jibu. Buganda kama kwetu, mtoto hubebwa na mikono mingi. Alichokuta ni kwamba mama anayeweza kumweleza mwanawe kwa undani, tabia moja baada ya nyingine, mara nyingi ndiye mwenye mtoto aliyetulia. Basi ukiniuliza mmekosea wapi, nakujibu kwanza kwamba hukukosea katika kumwangalia. Unamwona vizuri. Unachohitaji ni mtu wa kukutafsiria unachokiona, na kwa sasa wa kwanza kutafsiri nyumbani kwako amekuwa mama mkwe.

Tuanze na Kitwe. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Mtoto anayetoka kwenye nyumba ya watoto huanza kwa kuwa mgeni: anakula alichopewa, anashukuru, havunji sahani, anawasoma wenye nyumba. Ule utulivu uliokufurahisha ulikuwa adabu ya mtu asiyejua atalala hapo mpaka lini. Na bado alikuwa na mengi ya kushikilia: Kibemba nje ya mlango, makonda wa basi wanaoita vituo anavyovijua, harufu ya mtaa ule ule. Mlimtoa kwenye nyumba ya watoto, ila mji alibaki nao. Siku mliyovuka mpaka wa Kasumbalesa akapoteza na mji. Kwenu nyinyi ilikuwa kurudi nyumbani, na kwake ilikuwa mara ya pili, au ya tatu, watu wazima kufunga mizigo na kila kitu kutoweka. Ni kama kilomita 200 tu, lakini ng'ambo ile shuleni ni Kiingereza na hapa ni Kifaransa, na hata magari yamehama upande. Hili la magari si mzaha: Zambia huendesha kushoto, sisi kulia. Mtoto aliyefundishwa Kitwe kuangalia kabla ya kuvuka, anaangalia upande usio. Mshike mkono barabarani muda mrefu kuliko unavyomshika mtoto mwingine wa miaka mitano.

Kwa hiyo hajaharibika alipofika Lubumbashi. Amefika mahali ambapo ugeni umemshinda, na yaliyokuwa ndani yameanza kutoka.

Sasa ule bukari chini ya godoro. Mtoto aliyewahi kuishi mahali ambapo chakula huja kwa zamu, na mwenye nguvu hula cha mnyonge, hujifunza hesabu moja: cha leo ni cha leo, cha kesho hakina mwenyewe. Ukimgombeza, unamthibitishia kwamba chakula ni kitu cha kugombaniwa. Ukifunga kabati kwa ufunguo, ndiyo umemaliza kabisa. Fanya kinyume. Mtafutie kikapu au bakuli lenye kifuniko, liwe lake, likae karibu na kitanda. Weka ndizi, karanga, kipande cha mkate, vitu visivyooza usiku mmoja. Mwambie mbele ya wote: hiki ni chako, kikipungua mama anajaza. Kisha jaza kweli, kila jioni, bila kuhesabu alichokula na bila kuuliza. Chunguchungu watakuja, najua. Weka miguu ya kimeza ndani ya vikopo vya maji kama bibi zetu walivyofanya. Katika watoto niliowafuata, wengine waliacha kuficha baada ya wiki chache, wengine baada ya mwaka. Na chakula kisiwe kamwe adhabu wala zawadi katika nyumba yako. "Ukikosa adabu hutakula" ni maneno ambayo binti yako anaweza kuyasikia yakapita. Huyu yatamrudisha chini ya godoro.

Kutolia ni hivyo hivyo. Mtoto mchanga hulia kwa sababu amezaliwa akitegemea mtu aje. Pale ambapo walezi wawili wana watoto ishirini, analia, hakuna anayekuja, analia tena, mwishoni anaacha. Si ujasiri, ni mtu aliyeacha kupiga simu isiyopokelewa. Akianguka, kimbia kana kwamba amepiga kelele. Mwinue, pulizia goti, sema, "Imeuma, pole, mama ameona." Atakutazama kama mwendawazimu mara kumi za kwanza. Siku atakayolia kwa kidonda kidogo kama punje ya mtama, asitokee mjomba wa kumwambia wanaume hawalii.

Kuhusu muuza makala: hili ndilo linaloniogopesha zaidi, na ndilo watu huliita "mtoto mchangamfu." Baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka Romania mwezi Desemba 1989, watoto wengi waliokuwa wamerundikwa kwenye vituo vibaya sana walichukuliwa na familia za nje. Michael Rutter na wenzake walifuatilia watoto 165 wa Romania waliokwenda Uingereza, wengi wao wakitoka vituoni. Waliotoka vituoni kabla ya miezi sita waliendelea vizuri kwa jumla. Miongoni mwa waliokaa muda mrefu zaidi, wapo ambao kwa miaka waliendelea kumfuata mtu yeyote, kukaa kwenye mapaja ya mgeni, kuondoka na wasiyemjua bila kugeuka nyuma. Simaanishi kwamba wako ni kama wao; sijui kituo chake kilikuwaje, na nyumba nyingi za watoto hazifanani na zile. Nakuambia ili ujue kwamba kumshika kila mtu mkono si upendo mwingi. Ni mtoto ambaye kwake watu wazima wote ni mmoja, wanabadilishana tu zamu.

Dawa ni kuvunja hiyo zamu. Vitabu vya Ulaya vingekushauri ufunge mlango miezi kadhaa, wageni wasije. Nikikuandikia hivyo, ukoo mzima wa mumeo utakuwa kwangu Jumapili. Kwenye parsele, kiwanja chetu cha nyumba, mlango haufungwi. Kwa hiyo waje, wacheke naye, wacheze naye, lakini mambo matatu yawe yako na ya mumeo peke yenu: kumlisha, kumwogesha, kumlaza. Akiwa na njaa akaenda kwa jirani, jirani amrudishe: "Kamwulize mama." Akidondoka mikononi mwa shangazi, shangazi amlete kwako. Jirani wa pipi na biskuti mwombe kwa adabu apitishie kwako. Watasema una wivu. Waache waseme, miezi sita, hata mwaka, si mingi. Na muuza makala mwambie asimpokee mkono. Ni mtu mwema pengine, lakini atakayepita baada yake je?

Hapa nataka nikae, kwa sababu hapa ndipo watoto wa mji huu wanapoumia.

Chukua alama zote ulizoniandikia: halali usiku, anakula kwa siri, hatoi machozi, anakutazama kwa macho makavu, anapiga wenzake. Ongeza kukojoa kitandani, ambako sitashangaa kukianza. Nenda nazo kwenye baadhi ya vyumba vya maombi hapa Lubumbashi, utaambiwa ni muloji, mchawi. Nenda nazo kwa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi na watoto waliohamishwa mikono, atakuambia ni mtoto aliyehamishwa mikono. Orodha ni ile ile, neno kwa neno. Ndiyo maana mtuhumiwa mara nyingi huwa ni yatima, au mtoto wa kambo, au huyu aliyekuja juzi. Nimewapokea waliofungishwa siku tatu bila chakula wala maji ili "kitu kitoke." Fikiria: mtoto ambaye ugonjwa wake ni hofu ya kukosa chakula, anatibiwa kwa kunyimwa chakula. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya 10 Januari 2009 inaadhibu tuhuma hiyo. Lijue hilo, lakini usianze nalo. Ukimfungulia mama mkwe kitabu cha sheria mezani, umempoteza, na yeye ndiye unayemhitaji kuliko mwanasaikolojia yeyote.

Umeandika kwa kupita tu kwamba ni mtu wa Kasenga. Mama, mtu wa Kasenga amekulia ukingoni mwa Luapula, na ng'ambo zote mbili za mto ule Kibemba kinasikika. Ndani ya nyumba yenu kuna mtu anayeweza kuzungumza na mtoto huyu lugha anayoiota usiku, na mtu huyo ni yule anayetaka kumpeleka kufunguliwa.

Nenda kwake kama mkwe anavyokwenda, si kama mwenye hoja. Mwambie: "Mama, mimi Kibemba changu ni cha sokoni. Mtoto akiamka usiku anasema maneno ambayo siyapati. Nisaidie nijue anasema nini." Umpe kazi ya heshima: jioni, kabla ya wewe kumlaza, amsimulie hadithi kwa Kibemba, amtegee vitendawili vya Kasenga. Akitaka kuomba, aombe, hapo hapo nyumbani, mtoto akiwa amekaa na watu wake na tumbo limeshiba. Sala ya nkambo, ya bibi, haijawahi kumdhuru mtoto. Kinachodhuru ni kufungwa, kuchapwa, kupakwa vitu machoni, na kusemwa mbele za watu kwamba yeye ndiye mkosi. Hilo halifanyiki, na kwa hilo mumeo ndiye wa kuongea na mama yake, si wewe.

Na ana haki mtoto huyu ya Kibemba chake. Mwaka 2003 Christophe Pallier na wenzake huko Ufaransa waliwapima watu wazima waliozaliwa Korea, wakachukuliwa na familia za Kifaransa wakiwa na miaka kati ya mitatu na minane. Hawakuweza kuitambua tena sentensi ya Kikorea katikati ya lugha nyingine. Lugha ambayo walikuwa wakiisema vizuri ilikuwa imeondoka. Kwa hiyo usidhani kwamba miaka mitano imeshamkaza. Lakini wewe una bahati ambayo mama wa Lyon hakuwa nayo. Bukari wetu kule wanauita ubwali, mbabula wanaujua, munkoyo unanywewa pande zote mbili, chikanda inauzwa huku na kule. Muite siku moja jikoni, mwonyeshe kimoja kimoja, yeye aseme jina lake la Kibemba na wewe la Kiswahili. Atakapogundua kwamba nusu ya maneno ni ndugu, kuta za nyumba zitasogea karibu kidogo.

Anakuita anti. Mwache. Kwake hilo ni jina la cheo, mwanamke anayetoa chakula. Usimlazimishe "mama," wala usimnunue kwa biskuti ili aseme. Wewe jiite: "Mama anakuletea maji," "Mama anakwenda sokoni, anarudi." Na ujue kwamba huenda kichwani mwake yupo mayo, yaani mama, mwingine, ana sura au hana, na neno lile ni lake. Siku akilisema kwako, litakuwa limetoka mbali.

Kuna sentensi moja ninayoiomba ife kabisa nyumbani kwenu. Sote tumeisikia utotoni na wengi tunaisema bila ubaya: "Ukiendelea hivi nitakurudisha ulikotoka." Mtoto uliyemzaa anajua ni mchezo, angerudishwa wapi? Huyu ana mahali pa kurudishwa, pana jina, pana kitanda, na amekwisha kuona kwamba watu wazima huhamisha watoto siku wanapoamua. Binti yako naye asiiseme, na mumeo asiiseme kwa utani anapopakia gari. Badala yake mwambie, hata siku amevunja televisheni: "Nimekasirika. Nimekasirika sana. Na kesho utaamka hapa." Kwa sababu hiyo hiyo, usimpeleke kutembea Kasumbalesa mwaka huu, hata kama ni kusindikiza tu. Kitwe mtaenda siku moja pamoja, akiwa na uhakika wa kurudi.

Baba yake na safari zake. Mtoto huyu hatofautishi kusafiri na kutoweka, na kila wiki anaona mmoja wenu akitoweka. Chukueni vifuniko vya chupa za soda, vya usiku ambao baba hatakuwepo, muvitie kwenye kikombe baba akiwepo, kwa mkono wake. Kila usiku mtoto anatoa kimoja. Kikombe kikiwa kitupu, baba amefika. Foleni ya malori mpakani unaijua. Basi wekeni vifuniko viwili zaidi ya vinavyohitajika. Baba akitangulia, ni sherehe. Akichelewa na kikombe ni kitupu, ni uongo mwingine. Na asiondoke alfajiri kimya ili "asimlize." Amwamshe, amuage. Njiani arekodi sauti fupi kwenye simu, "Baba yuko Likasi, amekula viazi, Ijumaa anakuja," uirudie jioni.

Zile saa nane za usiku hazina siri kubwa. Anaamka, hajui yuko nyumba gani, anakwenda mahali penye chakula, anasubiri kuche. Godoro lake lisogezwe chumbani kwenu, au lako karibu na lake, kwa miezi. Tochi ndogo ya kuchaji iwe mkononi mwake, hasa umeme unapokatika. Ukimkuta jikoni usimwulize "unafanya nini hapa?" kwa sauti ile tunayoijua, kaa naye chini, mpe maji, kaa kimya, kisha mrudi pamoja.

Nguo ulizozitupa: hapo, mama, ulikosea, na nakuambia kwa sababu umeuliza. Ulitaka kumpa upya. Lakini shati lile lililochakaa lilikuwa kitu pekee Lubumbashi nzima kilichonuka kama jana yake. Usijipige kifua. Andika Kitwe, omba picha: kitanda chake, uwanja, mlango, wanawake aliowaita anti, wenzake. Wana blanketi la zamani? Wasilifue. Ziweke picha kwenye daftari moja pamoja na kijiramani cha njia, Kitwe, Kasumbalesa, Lubumbashi, na ziwe mahali anapofikia mwenyewe. Faili la karatasi nalo, hasa lililo na habari za wazazi na afya yao, lifunge kwenye nailoni lisiguswe na unyevu. Mkataba wa The Hague wa 29 Mei 1993 kuhusu watoto wanaochukuliwa nchi nyingine, katika ibara yake ya 30, unataka habari za asili ya mtoto zihifadhiwe. Atakapokuwa na miaka kumi na sita atauliza, na hatauliza serikali, atakuuliza wewe.

Jibu la jina liko hapo hapo. Hapana. Mwongezee jina la ukoo wenu, la babu yake mumeo ikiwa mnapenda, mfanye na karamu ndogo. Lile analoitikia liacheni mbele. Huwezi kumwanzisha upya mtu wa miaka mitano, alikwisha kuanza. Hata sheria yetu ya familia ya 1987 haikati kamba kati ya mtoto aliyechukuliwa na ukoo wake wa kwanza.

Majirani watakuuliza mbele yake: "Huyu ni wa nani?" Mji huu umezoea adopsiyo ya namna moja, mtoto wetu anapanda ndege kwenda Ulaya. Wengi wanakumbuka Septemba 2013, DGM, idara ya uhamiaji, iliposimamisha ruhusa za kutoka, na mamia ya watoto waliokwisha kupata wazazi wa nje wakabaki hapa wakisubiri, wengine hadi 2016. Mkongomani aliyemleta mtoto wa nchi nyingine nyumbani kwake hawajui wamweke wapi. Usiwape historia, historia ni mali ya mtoto. "Ni wetu" ni jibu kamili. Akisisitiza, mwulize habari za watoto wake.

Binti yako sijamsahau, ingawa ndani ya barua yako ametokea kama mtu wa kupigwa tu. Aliahidiwa kaka, akaletewa mtu anayemng'ang'ania vitu na kumaliza wakati wote wa mama. Ana haki ya kusema hampendi. Saa moja kwa wiki iwe yake na wewe, bila mdogo, hata kama ni kusukana nywele. Na kitu kimoja kiwe chake ambacho mdogo haruhusiwi kugusa, na usimamie hilo kwa ukali.

Masomo Septemba: namheshimu baba, lakini ningengoja. Darasa la watoto hamsini ni nyumba ya watoto yenye sare. Kama mwaka wa materneli, shule ya chekechea, ni lazima, nenda naye asubuhi nusu siku, ukae mlangoni wiki ya kwanza, uwe wewe wa kumchukua, daima wewe. Darasa la kwanza akiwa na miaka sita halitamkimbia.

Hospitali, kwa haraka: kadi ya chanjo, minyoo, malaria, damu kama kuna upungufu, kipimo cha SS (selimundu), virusi vya HIV na homa ya ini B, meno. Pima na masikio. Nimeona watoto walioitwa wakaidi kumbe hawasikii upande mmoja. Na mueleze kila sindano kabla haijaingia, umshike wewe.

Limebaki lile uliloliandika mwishoni kwa maneno machache, kwamba kuna siku unajuta. Mwanamke aliyejifungua akisema hivyo wiki ya tatu, wakunga wanamjua, wanampikia uji. Anayepokea mtoto wa miaka mitano hapikiwi uji na mtu. Anaambiwa ana bahati. Unaamshwa saa nane, unaitwa anti, unalaumiwa na ukoo, na mtoto anamchekea muuza makala kuliko wewe. Kupenda kwa namna hii hakuji kwa hukumu ya mahakama. Huja kwa kuogesha, kulisha, kuamka, mara mia tano, na kuna wanawake wazuri kabisa niliowajua ambao walifanya kazi zote za mama kwa mwaka mzima kabla hawajahisi kitu. Mwambie mumeo hivyo ulivyoniambia mimi. Ikiwa majuto yanakaa siku zote na si baadhi ya siku, ikiwa huli wala hulali hata mtoto akilala, au mkono umeanza kunyanyuka wenyewe, nenda ukaonane na watu wa Joseph Guislain, kituo cha afya ya akili. Si nyumba ya wendawazimu kama watu wasemavyo, ni wauguzi na madaktari. Na mtoto mlete mwenyewe kwa mtu wa kazi hii kama anajiumiza, anagonga kichwa ukutani, anapungua uzito, au ifikapo mwakani bado wewe na mpita njia kwake ni sawa.

Lakini sidhani. Nakuandikia utakachokiona kabla, ili usikitafsiri vibaya. Siku moja, labda wakati wa mvua, utamkatalia kitu kidogo, naye atapiga kelele, atajitupa chini, atakuambia kwa Kibemba au Kiswahili kwamba wewe ni mbaya, kisha atakuja kujificha kwenye kitenge chako hicho hicho akiwa bado na hasira. Kwa jirani atakuwa na adabu kama kawaida. Mama mkwe atatingisha kichwa. Wewe chukua lile daftari la picha uandike tarehe.